Kwa Nini Ateri za Mapafu Hujibana Oksijeni Inapopungua: Somo la Milango ya Kalsiamu

Misuli ya miguu inapofanya kazi nzito hutumia oksijeni haraka kuliko inavyoletewa, na ateri zinazoilisha hutanuka ili damu nyingi zaidi ipite. Ateri za ubongo na za moyo nazo hufanya vivyo hivyo: palipo na upungufu, njia hupanuliwa. Ateri za mapafu hufanya kinyume. Sehemu ya pafu inapokosa hewa, ateri ndogo zinazopeleka damu katika sehemu hiyo huanza kujibana katika muda wa sekunde, nazo hubaki hivyo mpaka hewa irejee. Somo hili linaeleza jinsi seli za ukuta wa ateri zinavyoutambua upungufu huo, na ni milango ipi inayofunguka ndani yake. Linaeleza pia kwa nini jambo hilo linamhusu muuguzi anayefungua mtungi wa oksijeni na mgonjwa anayemeza vidonge vya presha.

Kinyume hicho kina sababu nzuri. Viungo vingine huletewa oksijeni na damu. Mapafu ndiyo yanayoipa damu oksijeni. Chukua mfano wa mgonjwa mwenye nimonia iliyoshika sehemu ya chini ya pafu la kulia. Vifuko vya hewa vya hapo vimejaa majimaji na usaha, hewa haifiki. Damu ipitayo hapo hurudi moyoni kama ilivyokuja, bila oksijeni, na kuchanganyika na damu iliyopita katika sehemu nzima. Moyo hauna njia ya kuzitenga. Husukuma mchanganyiko huo kwenda kwenye ubongo na figo. Lakini ateri za sehemu iliyougua zikijibana, damu huelekezwa kwenye vifuko ambavyo bado vina hewa, na kipimo cha kidoleni husoma juu zaidi kuliko ambavyo kingesoma. Mgonjwa huyo anasaidiwa na mapafu yake mwenyewe kabla hajafika zahanati.

Jambo hili lilielezwa waziwazi mwaka 1946 na wanafisiolojia wawili wa Sweden, Ulf von Euler na Göran Liljestrand. Walipima shinikizo la damu katika ateri ya mapafu ya paka, kisha wakawavutisha paka hao hewa yenye oksijeni kidogo, shinikizo likapanda. Ilifaa kuuliza: ni nani aliyetoa amri? Je, ni ubongo kupitia neva, au ni homoni? Majaribio yaliyofuata yaliondoa dhana hizo moja baada ya nyingine. Pafu lililotolewa mwilini na kupitishiwa damu kwa pampu, bila neva yoyote inayofika kwenye ubongo, bado huzibana ateri zake likinyimwa oksijeni. Hatimaye seli moja moja za misuli laini zilitenganishwa kutoka ateri ndogo za mapafu na kuwekwa chini ya hadubini. Zilipopunguziwa oksijeni zilijikunja; seli zilizotoka katika ateri za ubongo hazikujikunja. Utando unaotanda ndani ya mshipa huongeza au kupunguza nguvu ya mwitikio huo, lakini kitambuzi chenyewe kimo ndani ya seli ya misuli.

Amri inayobebwa na kalsiamu

Wengi wetu tunaihusisha kalsiamu na mifupa, meno na maziwa. Ndani ya seli ya misuli kalsiamu ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kubeba amri. Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake huru katika kiwango cha chini mno, takriban sehemu moja tu kwa kila 10,000 ya kiwango kilicho nje yake. Kwa hiyo mlango wowote ukifunguka, hata kwa muda mfupi sana, kalsiamu humiminika na kiwango chake ndani ya seli hupanda mara kadhaa. Hapo huungana na protini iitwayo kalmodulini, kalmodulini huamsha kimeng'enya, kimeng'enya hubandika fosfeti kwenye nyuzi za miosini, na miosini huanza kuzivuta nyuzi za aktini. Seli hufupika. Kwa kuwa seli za misuli laini zimeuzunguka mshipa kama pete, kufupika kwake ni kusinyaa kwa njia ya damu.

Kalsiamu hiyo hutoka pande mbili. Nyingine huingia kutoka nje kupitia milango ya utando wa seli. Nyingine hutoka katika ghala lililomo ndani ya seli yenyewe, mtandao wa vijifuko uitwao retikulamu ya sarkoplazimu, ambao pampu zake hufanya kazi mchana na usiku kuirudisha kalsiamu ndani. Ghala hilo lina milango ya aina mbili. Aina ya kwanza hufunguliwa na ujumbe unaotokana na homoni. Aina ya pili ndiyo inayotuhusu leo: vipokezi vya rianodini.

Jina hilo linatokana na mmea wa Amerika ya Kusini, *Ryania speciosa*, ambao shina na mizizi yake vilitumiwa zamani kuulia wadudu. Sumu ya mmea huo, rianodini, hung'ang'ania mlango wa ghala la kalsiamu na kuuharibia utaratibu wake wa kufunguka na kufungwa, na hivyo ndivyo wanasayansi walivyoutambua na kuutenga mlango wenyewe. Mkulima wa mahindi anayepambana na viwavijeshi anaweza kuwa ameshaitumia elimu hii bila kujua, kwani viuatilifu vya kundi la daiamidi hufungua mlango huohuo katika misuli ya kiwavi mpaka akapooza. Vimeundwa viushike mlango wa mdudu kwa nguvu zaidi kuliko wa binadamu.

Kipokezi cha rianodini ndio mfereji wa ioni mkubwa kuliko yote inayojulikana. Kimeundwa kwa vipande vinne vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na asidi za amino zipatazo 5,000, na uzito wake wote unazidi ule wa hemoglobini zaidi ya mara 30. Kipo cha aina tatu: ya kwanza ni mashuhuri katika misuli ya mifupa, ya pili katika moyo, na ya tatu iligunduliwa kwanza katika ubongo. Seli za ateri za mapafu zinazo zote tatu. Pembeni mwa kipokezi hukaa protini ndogo, FKBP12.6, inayoushikilia mlango usipwaye. Nitaiita komeo, maana kazi yake hailingani na neno jingine vizuri zaidi.

Oksijeni inavyolegeza komeo

Mtumiaji mkubwa wa oksijeni ndani ya seli ni mitokondria, hivyo si ajabu kwamba wengi wanaamini ndiyo inayotambua upungufu. Elektroni hupita katika mitokondria kwa kupokezana, kutoka kituo kimoja hadi kingine, mpaka mwisho zinapopokewa na oksijeni. Oksijeni ikipungua, foleni hukwama. Katika kituo cha tatu baadhi ya elektroni huchepuka na kuungana na oksijeni kidogo iliyopo, zikazaa molekuli kali ambazo hubadilika haraka kuwa peroksidi ya hidrojeni. Ni jambo la kushangaza, kwamba oksijeni inapopungua mazao haya makali yanaongezeka, lakini ndivyo vipimo vya maabara kadhaa vinavyoonyesha katika seli za ateri za mapafu. Mazao hayo hufika kwenye ghala la kalsiamu lililo jirani, komeo huachia, mlango hupwaya, kalsiamu humiminika.

Ushahidi wa hatua hii ya mwisho umetokana na panya waliozalishwa wakiwa na kasoro maalumu. Panya wasio na kipokezi cha aina ya tatu huonyesha ongezeko dogo la kalsiamu seli zao za mapafu zinaponyimwa oksijeni. Panya wasio na komeo huonyesha ongezeko kubwa kuliko kawaida. Matokeo haya mawili, yakielekea pande tofauti kama nadharia ilivyotabiri, ndiyo yanayonifanya nione kwamba ghala la ndani si mshiriki mdogo katika jambo hili.

Hata hivyo kuna kundi la watafiti wa siku nyingi wanaolieleza jambo hili kutoka upande wa nje. Kwa maoni yao, upungufu wa oksijeni hupunguza mazao makali badala ya kuyaongeza. Kutokana na hilo milango ya potasiamu kwenye utando wa seli hufungwa, chaji ya umeme ya utando hubadilika, na milango ya nje ya kalsiamu hufunguka. Mabishano kuhusu mwelekeo wa mazao hayo hayajaisha. Kuhusu kalsiamu yenyewe, pande hizi mbili zinaweza kukaa pamoja bila ugomvi: ghala likipungukiwa, utando wa nje hufungua milango ya kulijaza, na kalsiamu inayoingia kutoka nje huweza kufungua vipokezi zaidi vya rianodini. Mlango mmoja huuita mwingine. Mwitikio unapoendelea kwa zaidi ya nusu saa, kimeng'enya kingine, Rho-kinase, huzifanya nyuzi za misuli zishikilie mkazo wake hata kama kalsiamu si nyingi tena.

Hapa mwanafunzi makini atauliza swali gumu. Ateri za ubongo nazo zina vipokezi vya rianodini. Mbona hazijibani oksijeni ikipungua? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 1995, watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba katika ateri za ubongo wa panya vipokezi hivyo hutoa kalsiamu kwa cheche: vijitoneo vidogo, vya muda wa chini ya sekunde, karibu kabisa na utando wa seli. Cheche moja ni ndogo mno kuweza kukunja seli nzima. Lakini inatosha kufungua milango mikubwa ya potasiamu iliyo jirani, potasiamu hutoka, chaji ya utando hushuka, milango ya nje ya kalsiamu hufungwa, na ateri hulegea. Kalsiamu ileile, kutoka mlango uleule, huleta matokeo yaliyo kinyume ikitegemea imetolewa kwa cheche au kwa mafuriko, na mlango umepakana na nini. Kwa hiyo anayetafuta dawa ya kuziba vipokezi vya rianodini mwilini mwote ajue kwamba anaweza kuzilegeza ateri za mapafu huku akizikaza za ubongo, na moyo, unaotegemea vipokezi hivyo katika kila pigo, ukidhurika kabla ya vyote.

Mlima mzima bila pa kukimbilia

Utaratibu huu umeumbwa kwa ajili ya pafu lililougua sehemu. Unageuka mzigo pale pafu zima linapokosa oksijeni, kwa sababu hakuna sehemu bora ya kuelekezea damu. Mahali pa kuliona jambo hili katika nchi yetu ni Kilimanjaro. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Dar es Salaam. Oksijeni ingali asilimia 21 ya hewa, lakini kila pumzi huibeba nusu tu. Ateri zote ndogo za mapafu hupokea taarifa ileile na kujibana kwa pamoja.

Shinikizo la kawaida katika ateri ya mapafu ni dogo, wastani wa milimita 14 hivi za zebaki, ilhali katika ateri kuu ya mwili ni kama 90. Vimishipa vya pafu vina kuta nyembamba zisizozoea shinikizo kubwa. Tena kujibana huku hakulingani kila mahali: pale ateri zilipojibana kidogo, damu hukimbilia kwa nguvu, kuta huzidiwa, na maji huvujia katika vifuko vya hewa. Huu ndio ugonjwa wa mapafu kujaa maji kwa sababu ya mwinuko. Kwa kawaida huanza siku ya pili hadi ya nne baada ya mtu kupanda zaidi ya mita 2,500. Mgonjwa huchoka kuliko wenzake, hukohoa kikohozi kikavu, kisha hupumua kwa shida hata akiwa amelala, na baadaye hutoa povu lenye rangi ya damu. Hushika vijana wenye afya nzuri, na hushika wapagazi pia, ambao mara nyingi huona aibu kusema.

Tiba ni kumshusha, angalau mita 1,000, usiku huohuo bila kungoja mapambazuko, na kumpa oksijeni kama ipo. Abebwe kwa machela ikiwezekana, maana kila hatua anayotembea hupandisha shinikizo la mapafu. Nifedipini, kidonge cha presha kinachofahamika, husaidia pale ambapo kushuka kumechelewa na oksijeni haipo. Kidonge hiki hufunga milango ya nje ya kalsiamu. Vipokezi vya rianodini hakivigusi moja kwa moja. Kwamba kinashusha shinikizo la mapafu mlimani ni ushahidi mwingine kwamba ghala la ndani halifanyi kazi peke yake.

Kidonge hichohicho kwa mgonjwa wa nimonia au wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kinaweza kuleta madhara. Huyu ana sehemu nzima na sehemu mbovu, na ateri zake zilizojibana ndizo zinazomtenganishia damu. Ukizilegeza zote, damu hurudi kupita katika vifuko visivyo na hewa na oksijeni ya mwili hushuka, ingawa shinikizo la mapafu limepungua. Muuguzi anayeona kipimo cha kidoleni kikishuka kwa mgonjwa wa kifua baada ya dawa ya kutanua mishipa asidhani mashine imeharibika. Hali kama hiyo, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi, huweza kutokea hata kwa mgonjwa wa pumu baada ya salbutamoli ya kwanza, ndiyo maana katika shambulio kali dawa hiyo huambatana na oksijeni. Isiachwe, ndiyo inayomfungulia njia za hewa. Nawe mgonjwa, ukienda kliniki kwa sababu ya kifua, taja vidonge vyote unavyomeza, hata vile ulivyopewa na jirani.

Oksijeni yenyewe ndiyo dawa inayofunga milango hii kwa njia ya asili, na kama dawa zote ina kiasi chake. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani hupendekeza ianze kipimo kinaposoma chini ya asilimia 90. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa aliye katika hatari ya kulimbikiza kaboni dioksaidi, lengo ni asilimia 88 hadi 92, wala si 100. Wengi hufundishwa kwamba oksijeni nyingi humfanya mgonjwa huyo asahau kupumua. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini sababu nyingine nzito ni hii tuliyojifunza: oksijeni nyingi huzilegeza ateri za sehemu ambazo hewa yake haibadiliki vizuri, damu huhamia huko, na kaboni dioksaidi haipati pa kutokea.

Mama aliyepika kwa kuni miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha anaweza kuishi na upungufu wa oksijeni kwa muda mrefu bila kujua. Kujibana kwa miaka mingi hunenepesha kuta za ateri, mpaka njia haitanuki tena kikamilifu hata hewa ikirudi, na upande wa kulia wa moyo, ulioumbwa kwa shinikizo dogo, huchoka. Miguu ikimvimba na mishipa ya shingo ikituna, chanzo huenda kiko kwenye mapafu. Majaribio mawili, la Marekani lililochapishwa mwaka 1980 na la Uingereza lililochapishwa mwaka 1981, yalionyesha kwamba wenye upungufu mkubwa wa kudumu kutokana na ugonjwa huo huishi muda mrefu zaidi wakipata oksijeni kwa saa nyingi kila siku. Uingereza zilikuwa angalau saa 15. Oksijeni ya nusu saa inayotolewa kliniki kisha mgonjwa akarudi nyumbani haikaribii kiasi hicho, na anayemshauri mgonjwa amweleze hivyo kabla familia haijauza ng'ombe. Anayeipata nyumbani asikae nayo karibu na jiko la mkaa.

Kuna pafu moja ambalo kujibana huku ni hali yake ya kawaida, nalo ni la mtoto aliye tumboni. Limejaa majimaji, oksijeni yake ni kidogo, ateri zake zimejibana, na ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya damu inayosukumwa na moyo ipitayo humo. Iliyobaki huchepukia njia nyingine, kwani kazi ya mapafu inafanywa na kondo la nyuma. Kwa pumzi za kwanza hewa huingia, oksijeni hupanda, ateri hulegea, na mtiririko huongezeka mara nyingi ndani ya dakika chache. Mtoto asiyepumua hubaki na ateri zilizojibana, na damu yake huendelea kuyakwepa mapafu kana kwamba hajazaliwa. Ndiyo maana mkunga huweka barakoa usoni pake na kuminya mfuko ndani ya dakika ya kwanza, kwa hewa ya kawaida ikiwa amezaliwa kwa kutimiza miezi, na huwa ameshamkausha na kumfunika, kwa kuwa ubaridi huzidi kuzikaza ateri hizohizo.